Samaki wa Rambirambi

Dada Wakesho,

Samaki wako wa mwisho amekufa leo asubuhi. Nimekaa kwenye kiti chako hapa saluni, mlango nimeufunga, na sina wa kumweleza ila wewe.

Ni yule wa rangi ya chungwa, mwenye mkia mrefu, uliyemwita Mama Mkwe kwa vile hakuchoka kukukodolea macho ukisuka. Nimemkuta amelala ubavu juu ya maji ya tangi lako. Mwenzake alitangulia juzi.

Tulikuzika nyumbani milimani, mvua ikinyesha, na watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria za wageni, machozi hayakupata nafasi. Niliposhuka Voi kufungua saluni, wateja wako wakaanza kuja kutoa pole. Wengine walileta sukari. Mama Mwende wa Miasenyi, yule muuza vitunguu wa barabarani, alileta samaki wawili weusi ndani ya chupa kubwa. Akawatazama samaki wako tangini, akasema, "Hawa watoto wa Wakesho wasikae na upweke."

Basi neno likaenea, kila mtu akataka kutuliwaza kwa samaki. Walikuja kwa treni kutoka Mombasa, walikuja kwa bodaboda, na mjomba akatoka Chala na ndoo yenye tilapia mchanga wa bwawa lake. Ningekataaje? Kwetu rambirambi haikataliwi. Mwenye kikombe cha mahindi anapokelewa, na mwenye ng'ombe anapokelewa. Nikawamimina wote tangini.

Na ulikuwa umeniambia. Siku ile nilipotaka tununue wale wenye mistari kwa sababu tu ni warembo, ulicheka, ukasema, "Tangi si matanga, kwamba kila anayekuja aingie. Uliza kwanza anakula nini, atakua mkubwa kiasi gani, na ataelewana na nani." Nilikuona mchoyo.

Haikupita wiki maji yakawa kama uji mwepesi. Samaki wakawa wanapanda juu kutweta, midomo wazi, na wateja wakifurahi eti wanasalimiwa. Mimi nikadhani ni njaa, nikawaongezea chakula. Kumbe hewa ya majini ilikuwa haiwatoshi, na uchafu wao wenyewe ulikuwa unawaua. Tilapia peke yake ndiye aliyenenepa. Aliteka kona yote ya pampu, na kila aliyesogea alimng'ata. Mkia wa Mama Mkwe ukabaki nyuzinyuzi.

Nilimwogopa mjomba kuliko tilapia wake. Kumrudishia mtu pole yake ni kama kumfukuza matangani. Mwishowe nikampigia simu. Akasema, "Mwanangu, nilileta pole, sikuleta vita. Nakuja kumchukua." Akaja na ndoo ileile. Wale wengine niliwarudisha kwa wenyewe, na hakuna aliyenuna. Mama Mwende hata aliniomba msamaha, nikaona aibu.

Lakini nilikuwa nimechelewa. Nilibadilisha maji kidogo kidogo kama ulivyokuwa ukifanya, nikiyalaza kwanza kwenye beseni ili dawa inayotiwa maji ya mfereji ipungue. Mama alishuka kutoka nyumbani, akawa anakaa mbele ya kioo cha tangi akimbembeleza Mama Mkwe kwa Kidawida chetu, kana kwamba ni wewe uliyekuwa mgonjwa. Alimwita hata kwa jina lako la utotoni. Hakupona.

Leo nimelia, dada. Tangu tukuzike sikuwa nimelia hivi. Nimelia kwa sauti mpaka jirani wetu anayetengeneza simu akaja kugonga, akiuliza nani amekufa tena. Nikamwambia ni Wakesho. Akaniangalia, kisha akavuta kiti akakaa nami.

Pumzika sasa, mtoto wa mama. Nimeshaosha kioo, na mawe nimeyaanika juani. Nakuahidi tangi halitabaki tupu, ila nitangoja maji yatulie, kisha niweke wawili tu, wadogo, wanaoelewana. Na akija mtu na samaki wa kukulilia, nitampokea kwa mikono miwili. Nitampa kiti na chai, tutakuzungumzia mpaka atosheke, na akiondoka, ataondoka na samaki wake.

Mdogo wako,
Mghoi