Sindano Acheze Timu Gani

Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia huko uliko, na kama hujaniamkia basi adabu umeisahau safarini. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini lilianza kulalamika kabla hujaolewa, nimelizoea kuliko nilivyomzoea marehemu baba yako. Sindano mzima pia, anarefuka tu, kila nguo inamkimbia. Wewe je, mgongo? Bado wanakusimamisha kutwa nzima kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka ya hoteli? Waambie una mama.

Kilichonishikisha kalamu ni mpira wa mwanao. Jumamosi mwalimu wao wa softiboli alikuja hapa, yule tunayemwita Filimbi kwa sababu haivui shingoni hata akiingia sebuleni kwa watu. Kakaa kwenye kiti chako, kanywa chai vikombe viwili, ndipo akasema kilichomleta. Anazo timu tatu: Watoto, wa Kati, na Wakubwa. Sindano yuko Watoto. Sasa Filimbi anataka amrushe mpaka Wakubwa, kwa wasichana wa miaka kumi na sita, na yeye hajafika hata kumi na mbili. "Mama," anasema, "mkono wa mtoto huyu sijauona kwa mwingine. Kati atapoteza muda. Apande moja kwa moja."

Nikamwambia, "Mwalimu, unga hauruki kutoka guniani ukaanguka sahanini ukiwa mkate." Akacheka. Sikuwa nachekesha.

Mimi si mgeni wa mchezo huo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, unajua. Wewe ulikuwa mdogo, nikikuketisha juu ya robota la kitambaa cha marekani kule uani kwa kiwanda cha nguo, zamu ikishaisha, mashine zimenyamaza na masikio bado yanavuma. Mpira wetu tuliusokota wenyewe kwa nyuzi mbovu, glavu tukashonewa na fundi mitambo kwa mkanda wa mashine uliokatika. Rafiki yangu, yule mwembamba wa mashine ya jirani, ndiye alikuwa mrushaji, mkono unapita chini ya kiuno, mpira huoni. Mimi mdakaji, nimechuchumaa nyuma ya mwenye gongo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama ujana wangu wote, ndiyo maana goti lina kesi nami leo. Na hakuna msichana mpya aliyeingizwa timu ya zamu ya kwanza, iliyokuwa kubwa kuliko zote, siku aliyoajiriwa, hata awe na mkono wa chuma.

Filimbi anataka jibu mwezi huu. Wewe ndiye mama yake, sema. Lakini ujue mimi nimeshakataa.

Mama yako


Tarehe 21 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima, na pole na goti. Mgongo wangu haujambo, wamenibadilisha, siku hizi nakunja taulo.

Barua yako niliisoma wakati wa mapumziko na nikasikia harufu ya mafuta ya mashine, naapa. Lile robota nalikumbuka, lilikuwa linawasha mapajani. Nakumbuka wanawake wakikupigia kelele, "Ukuta! Ukuta!" Kwa muda mrefu nilidhani ndilo jina lako. Nilipoanza shule mwalimu akaniuliza jina la mama, nikasema Ukuta, darasa zima likaanguka kwa kicheko.

Lakini mama, wewe uliishia uani. Kiwanda kilipofungwa, mpira nao ukafungwa. Hakuna aliyekuja kukaa kwenye kiti na kusema mkono wako hajauona kwa mwingine. Sindano amekuja kutafutwa mpaka nyumbani, halafu tumfiche uvunguni? Mimi nimeambiwa "ngoja kwanza" tangu nina akili, na nimengoja, na niko hapa nakunja taulo za watu.

Mpeleke Wakubwa. Umesema mwenyewe mimi ndiye mama yake.

Binti yako


Tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Salamu zako nimezipokea, na ulimi wako mrefu pia nimeupokea. Sisi wazima, paa tu ndilo linavuja upande wa jikoni.

Nilimpeleka. Usije ukasema sikumpeleka. Wakamvika fulana inayofika magotini. Jumamosi tatu kakaa benchi, kazi yake kubeba mfuko wa magongo na kuokota chupa za maji. Nikajiambia nyamaza, hata mimi nilianza kwa kufagia pamba chini ya mashine.

Jumamosi ya nne wanaelekea kushindwa, Filimbi kamwita. Mwanao kaenda katikati, mdogo, kama alama ya chaki. Mdakaji wao ni msichana mrefu, anazungumza kwa vidole, kimoja maana yake hivi, viwili maana yake vile. Sindano hajafundishwa hivyo vidole. Akarusha. Aliyekuwa na gongo akaupiga ule mpira ukavuka uzio ukaingia gereji ya jirani, nasikia fundi magari anautafuta mpaka leo. Akarusha wa pili, ukafuata njia ile ile. Filimbi akamtoa.

Hawakumcheka. Afadhali wangemcheka! Wale wasichana walimpapasa kichwa mmoja mmoja, kama paka wa nyumbani. Hilo ndilo lililoniuma.

Njiani nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Hamna kitu, Bibi." Mtoto huyu, mwanangu, ambaye juzi alinieleza habari za sisimizi mmoja kutoka sokoni mpaka mlangoni! Kafika nyumbani kakunja fulana vizuri, kapanda kiti kaiweka juu ya kabati, mahali asipofikia.

Nimemrudisha Watoto. Filimbi kasema, "Wewe ndiye mlezi, mama." Nami nikamjibu ndiyo, mimi ndiye.

Mama yako


Tarehe 10 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini paa limezibwa.

Umemrudisha bila kuniuliza. Najua uko naye wewe, unamwona wewe. Lakini nikueleze jambo. Hapa tukipumzika tunakaa juu ya vikapu vya nguo chafu, kila mmoja anatoa habari za kwao. Wa kwanza mwanawe kaingia chuo. Wa pili mwanawe kaoa. Nami nikasema wangu yuko timu ya Wakubwa, na hajafika miaka kumi na mbili. Walinipigia makofi, mama, mpaka msimamizi akachungulia.

Mwaka wa nne huu sijamwona mtoto wangu. Nimekosa meno yake kung'oka, nimekosa kila kitu. Basi nilitaka habari iliyo kubwa, inayolingana na huu umbali. Sasa niwaambie nini? Kwamba anacheza na watoto?

Sitaki ugomvi. Mbusu.

Binti yako


Tarehe 19 Mei

Mwanangu,

Kimya changu usikihesabu kuwa hasira. Nilikuwa natazama. Sisi wazima, paa limezibwa, linavuja mahali pengine.

Nikueleze nilichokiona, na usinikatize. Huko Watoto, Sindano akirusha hakuna anayepiga. Kaja huyu, kakosa mara tatu, katoka. Kaja yule, vivyo hivyo. Wenzake waliotawanyika uwanjani kungoja mpira usiowajia, wamekaa chini wanang'oa majani, mmoja nilimkuta amelala kabisa. Na mdakaji wake, mtoto wa fundi viatu, tunamwita Kibonge, kiganja kilimvimba nikadhani kaumwa na nyuki.

Halafu ghafla, wiki mbili zilizopita, watoto wakaanza kumpiga Sindano. Hata kile kitoto kinachoshika gongo kama mwiko! Mashabiki wanashangilia, Filimbi anakuna kichwa. Mimi nikatazama kifundo cha mkono. Mwanangu, mimi nimedaka miaka kumi na moja, mkono unaosema uongo naujua. Mtoto alikuwa anaurusha laini kusudi.

Nikamngoja langoni. "Nani kakufundisha kuudanganya mpira?"

Akaangalia viatu. "Bibi, nikirusha kweli, wenzangu hawachezi. Na Kibonge analia akidhani simwoni."

"Kwa hiyo utarusha uji mpaka lini?"

"Mpaka nikue."

Sikulala vizuri kwa neno hilo. Mtoto kajikunja mwenyewe kama fulana ile. Nilimtoa kwa wanaompapasa kichwa, nikamtia kwa wasiomweza, nikajiona nimemaliza kazi. Usiandike kwamba nilikosea. Nilisimama kituo kimoja kabla ya kufika, basi.

Ndipo nikakumbuka tulivyofanya uani. Kule mrushaji hakupandishwa zamu peke yake. Msimamizi wetu alikuwa na sheria yake: anapanda na mdakaji wake, na hapandi mpaka mdakaji huyo aweze kumdaka bila kufumba macho. Jozi, kama viatu. Yule rafiki yangu mwembamba alinisubiri msimu mzima. Wenzetu wakamwambia, "Muache huyo, atakuchelewesha." Akawaambia, "Nikimwacha, nitamrushia nani?" Mpaka leo nikifunga macho namwona, mguu mbele, mkono nyuma, pamba imemshika kwenye nywele kama mvi alizokuja kuzipata baadaye kwa haki.

Basi nikamwita Kibonge uani kwangu. Nimemfundisha asiupige mpira kwa kiganja, aupokee, mkono urudi nao nyuma kama anavyopokewa mtoto mchanga kutoka kwa mkunga. Nilichuchumaa mwenyewe kumwonyesha. Kunyanyuka nilinyanyuliwa na watoto wawili na fundi viatu, lakini nilichuchumaa.

Filimbi nikamwambia: wote wawili, timu ya Kati. Akasema Kati si timu ya kuonwa, haina kombe, inacheza uwanja wa shule wenye mashimo. Ni kweli, na hakusema kwa ubaya, anampenda mtoto. Nikamwambia mashimo nimeyaona. Akaandika majina.

Waambie wenzako hilo. Au usiwaambie.

Mama yako


Tarehe 23 Juni

Mwanangu,

Hujajibu. Umeninunia? Nuna, lakini nuna ukiwa umeshiba. Sisi wazima.

Jana Kati walicheza mechi yao ya kwanza ya msimu wa pili, na nakuandikia kabla sijasahau. Wamefungwa. Saba kwa sita, kwa hesabu ya waliozunguka vituo vyote wakarudi. Sikuandikii hivyo ili unihurumie.

Sindano karusha kweli kweli, kaona wengine wakikosa, na wengine wakipiga. Wakipiga, wenzake wanakimbilia mpira, hakuna aliyekaa chini hata mmoja, vumbi tupu. Kibonge kadaka macho yakiwa wazi, kama bundi. Kuna msichana mmoja wa upande wa pili, mgongoni ana namba tisa, miguu kama ya korongo. Huyo alimpiga Sindano mara mbili, na mara ya tatu Sindano akamtoa, wakatazamana, sijui nikuelezeje. Walitazamana kama wanawake wawili wanaotaka kitambaa kimoja dukani.

Mwishoni ikawa zamu ya Sindano kushika gongo, na mrushaji ni yule yule namba tisa. Kakosa wa kwanza. Kakosa wa pili. Kakosa wa tatu. Mchezo ukaisha.

Kaja nyumbani anapiga hatua kama askari, glavu kaibwaga juu ya meza yangu safi. Chakula hataki. Nikamuuliza, "Unataka kurudi Wakubwa?" Akanitazama kama nimeongea ujinga. "Bibi, tunacheza nao tena mwezi wa nane!" Kisha kamfuata Kibonge kwao, na mpaka jua linazama nasikia ukuta wa fundi viatu unapigwa, pu, pu, pu, na fundi viatu anatukana.

Mama yako


Tarehe 14 Julai

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Nilinuna. Sikuwa nimeshiba pia.

Ile barua ya mwisho niliwasomea wenzangu pale kwenye vikapu. Nilidhani watasikitika, mtoto kashushwa, tena kafungwa. Nilipofika kwenye namba tisa, yule ambaye mwanawe kaingia chuo akasimama. Nilipomaliza, kila mtu anauliza swali lake. Mpira wa tatu ulikuwaje? Alikosa kwa kuwahi au kwa kuchelewa? Huyo namba tisa anashika gongo juu au chini? Kibonge alimwambia nini wakitoka uwanjani? Hukueleza, mama. Unasema umedaka miaka kumi na moja halafu jambo kubwa kama hilo unaliandika kwa maneno matatu!

Nimeshindwa kukunja taulo vizuri wiki nzima. Niandikie yote, polepole, tangu mwanzo.

Mwanao


Tarehe 2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Sindano nimempa barua yako aisome. Kasema alikosa kwa kuwahi. Kisha kasema hapana, kwa kuchelewa. Kibonge kasema si kuwahi wala kuchelewa, alifumba macho. Sasa wako nje wanabishana, wameokota ufagio wangu wanaonyeshana. Mimi siwezi kuandika ugomvi wa watu wawili kwa kalamu moja.

Msimu unaisha mwisho wa Septemba. Njoo umuulize mwenyewe.

Mama yako