Stelingi wa Sehemu ya Pili

Rooty Hill, Sydney

Shikamoo Baba yangu,

Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani, chai iko karibu, na maumivu yamekupa nafasi kidogo. Huku mimi na mjukuu wako Salma tu wazima, baridi tu ndiyo inatuonea. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikipiga simu nikaugusia mguu wako, unasema mtandao mbovu. Haya, barua haina mtandao. Mdogo wangu Kassim akusomee yote, na asiruke mstari hata ukimkaripia.

Kassim ameniambia alivyosema daktari: kidonda kimefika mfupani, sukari haikiachi kipone, mguu ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda. Ameniambia na jibu lako. "Stelingi hakatwi mguu." Wenzako barazani wakacheka. Mimi nilikata simu nikalia pale pale stesheni, watu wakinipita.

Sasa nisikilize. Jumapili iliyopita Wanjiru, nesi Mkenya ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, alinipeleka Parramatta, ukumbi unaoonyesha filamu za zamani za Wamarekani weusi. Nikaona picha ukutani: koti la ngozi, suruali ya bugaluu pana chini, viatu vya raizoni vya soli nene. Moyo ulinilipuka! Ilikuwa ile ile, Baba. Sehemu ya pili.

Ile uliyotuhadithia tangu tukiwa wadogo. Ya kwanza ilikupagawisha mpaka ukajishonea bugaluu kama la stelingi, vijana wa chama wakakukimbiza mtaani walichane, eti vazi la kihuni. Halafu ya pili ilipofika Tanga, stelingi akatokea na mkongojo, mguu mmoja wa mti, nawe ukasimama ukapiga kelele, "Huyu si stelingi, huyu babu!" Ukatoka, na nusu ya ukumbi nyuma yako. Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Kumbe hamkuwa peke yenu. Kabla filamu haijaanza, bwana mmoja alisimama akatusomea magazeti ya Marekani ya wakati ule. Waliiponda, Baba, hawakuibakizia hata pa kushika. Eti ile ya kwanza ilikuwa nguvu ya soda. Eti nani atoe kiingilio kumtazama mtu asiyeweza kukimbia. Eti zile ngazi za mwisho zinachosha. Wanjiru naye akaninong'oneza, "Stering gani huyu anachechemea? Twende tukule." Nikamwambia kaa.

Wewe hukuziona zile ngazi. Wauza unga wanarudi mtaani wakijua stelingi hawezi kuwafukuza, na kweli hawezi. Anakaa kwenye kiti cha kinyozi, anaita watu mmoja mmoja kwa majina yao, mpaka mtaa mzima umesimama milangoni na wale wanaondoka wenyewe. Kisha anakwenda kwake. Anapanda ngazi, mguu, mkongojo, mguu, mkongojo, muziki hakuna. Anapumzika. Anapanda tena. Huko juu binti yake kafungua mlango, anamgombeza: "Chakula kimepoa, ulikuwa wapi?" Basi, imeisha.

Watu walikuwa wanaguna kwenye viti. Mimi nililia kwa sauti, sikuona haya. Wanjiru akanishika mkono, hakutaja chakula tena.

Baba, kila asubuhi nawavisha wazee miguu ya bandia. Wananitukana, wanalalamika, kisha wanakwenda kunywa chai. Sitakudanganya kwamba haiumi. Itauma, na utamkasirikia kila mtu, Mama wa kwanza. Mkasirikie tu. Mimi naogopa kitu kimoja: nije likizo Desemba nipokewe na watu wa matanga. Nataka nikukute, hata kama unachechemea, nikugombeze mlangoni.

Nisalimie Mama, najua anajificha jikoni akilia, mwambie moshi si kisingizio. Nisalimie shangazi Mwanahawa aliyenilea nilipoanza shule, na yule fundi cherehani jirani yetu, mwambie safari hii akushonee suruali ya mguu mmoja mfupi, bugaluu kama utapenda.

Ulitoka katikati, Baba. Mimi nilikaa mpaka taa zikawashwa. Nakuomba, hii usitoke.

Mimi binti yako,
Mwanaidi