Nguzo Mbili Mbele ya Mlango Wangu

3 Februari

Kwa mdogo wangu,

Natumaini u mzima, na wifi yangu na binti yenu pia. Mimi mwili mzima, roho ndiyo imechafuka. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na hiyo ofisi yenu inayojenga njia za watu wote mmeipandisha juu ya ngazi.

Vijana wako wameinua njia ya waenda kwa miguu mbele ya chumba changu cha kushonea. Wakaweka na mteremko mzuri wa saruji, halafu chini, mteremko unapoishia, wakasimika nguzo mbili za chuma. Kiti changu cha magurudumu hakipiti. Jana nilikwama hapo kama gunia mlangoni. Wanaume wawili wakaniinua, mmoja akashika pasipomhusu, kisha akasema pole mama.

Sasa sitoki bila kubebwa. Kitambaa sikifuati, wateja siwafikii. Chumba hiki ndicho kinachonilisha na ndimo ninamolala. Kikinishinda, ni kwenda kuishi kwa watu, na unajua nisivyotaka. Ng'oa nguzo moja tu.

Dada yako


15 Februari

Kwako dada,

Shikamoo. Sisi wazima, binti anakusalimu. Barua nimeisoma, na maneno makali nimeyaacha hukohuko kwenye karatasi.

Nguzo ni za kuzuia pikipiki. Kusema kiti hakipiti ni kunionea. Mimi ndiye msimamizi wa kazi ile na nilipima mwenyewe, sikutuma mtu. Tena nilipima kwa kiti chako, nilikitoa stoo kwa mama. Nilikisukuma kati ya nguzo kikapita na nafasi ikabaki. Labda unaingia upande upande. Punguza papara.

Na kama mambo yamekuwa magumu, chumba cha uani kipo, wifi yako ameshakifagia. Umri wa kushindana na barabara umekupita.

Mdogo wako


19 Februari

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Afya siulizi, anayeandika vile ni mzima wa kutosha.

Kiti cha stoo? Kile mara ya mwisho nilikikalia nikiwa na sare ya shule ya msingi, na aliyekuwa akikisukuma ni wewe. Nimekua, nimenenepa, nimeota mvi, wewe bado unanipimia njia ya mtoto. Nilimsomea barua yako jirani yangu, fundi wa kuchomelea, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Imeniuma, kwa sababu kutoka kwako hadi hapa ni mtaa wa pili. Ungepita na futi yako ukanipima nikiwa nimekaa.

Hicho chumba cha uani fugia kuku. Nataka nguzo ing'oke kabla ya huo uzinduzi wa njia mnaoutangaza.

Dada yako


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri.

Haya, nilikosea. Nimeandika kwa mkono wangu, ridhika. Lakini nguzo siigusi sasa. Mkuu wangu ameshawaambia wakubwa wake kwamba njia inapitika, na aliyemhakikishia ni mimi. Ikijulikana nilipimia kiti cha mtoto, nimemwaga unga.

Uzinduzi ukipita nitakuja na vijana, kimyakimya, tutaing'oa. Nakuomba siku hiyo usionekane pale. Nitatuma gari likuchukue ukashinde kwa mama. Ukinikatalia hata hili, basi ujue ni wewe uliyemlaza binti yangu njaa.

Mdogo wako


22 Machi

Dada,

Salamu leo sina.

Umefurahi? Mgeni rasmi ameshika mkasi, binti yangu ameshakaa kwenye kile kiti cha stoo tayari kusukumwa apite wa kwanza, na wewe unatokea mlangoni na gauni la kutokea. Unajiingiza kati ya nguzo, unakwama, unafunga breki. Unaombwa urudi nyuma, unawajibu watangulie wao. Mgeni rasmi anauliza nani alipima hapa, unaninyooshea kidole mbele za watu. Halafu huyo fundi wako anakuja na mashine yake ya kukatia chuma, cheche zinaruka, na watu wanapiga makofi kama wako mpirani.

Nimefukuzwa kazi. Binti anazomewa shuleni. Mama hali chakula. Usinipigie, usiniandikie, na kwangu usikanyage.

Aliyekuwa mdogo wako


25 Machi

Kwa mdogo wangu,

Umenikataza kuandika, nami naandika. Soma au chana, shauri yako. Mama nimemfuata mwenyewe na kiti changu, amekula mbele yangu.

Asubuhi ile nilikuwa nimevaa, nasubiri gari lako. Ndiyo, nilikuwa nimekubali. Nilijiambia huyu ni mdogo wangu, acha nikashinde kwa mama, unga wake usimwagike. Lile gauni nilivaa kwa ajili ya mama.

Kisha nikachungulia dirishani. Nikamwona binti yako anaruka kamba kando ya turubai la wageni. Ukamwita, akaja mbio. Ukamkalisha kwenye kiti changu cha zamani, ukamfundisha akae kama kilema, mbele ya mlango wa kilema mwenyewe. Hapo nikajua hiyo nguzo usingekuja kuing'oa kamwe. Wageni wangekuwa wameshaona mtu amepita, nani tena angekuuliza.

Kazi yako nimeiharibu na msamaha siombi. Mtoto ndiye ninayemwonea huruma, mwambie shangazi hana ugomvi naye.

Lakini wewe nikueleze kilichonitoa ndani, maana si hasira peke yake. Ulichuchumaa mbele ya mtoto, ukamlaza mguu wa kushoto juu ya wa kulia, ukauelekeza unyayo ndani. Hivyo hasa ndivyo miguu yangu inavyolala. Sikukuonyesha juzi wala jana. Miaka yote hii uliikumbuka, na bado ukanifungia mlango.

Dada yako