Mama Munyao Aliyetajwa

Ziwani, Mei 1996

Dada Mbithe,

Sisi hatujambo. Munyao wangu ameng'oka jino, na mvua imevujia cherehani.

Jirani yangu Ayuma, niliyemfundisha kushona sare hapa mlangoni pangu, sasa ana duka. Jumapili kanisani aliulizwa nani alimtia moyo wa kuanza biashara.

"Ni Mama Munyao! Nilimwangalia yeye, nikajua hata mimi naweza."

Makofi yakapigwa. Nikasimama, nikanyoosha kitambaa, nikapunga mkono. Kumbe alimaanisha Mama Munyao wa mtaa wa Fedha, yule mwenye gari, na tayari alikuwa amesimama nyuma yangu.

Wivu sina. Lakini yule mwanamke hata kutia uzi kwenye sindano hajui!

Ukija Desemba, usiniite tena Mama Munyao.

Ni mimi,
Kathini