Nondo Zilizopakwa Mafuta

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie huko masomoni. Sote hatujambo, ila kifua changu kinazidi kunibana. Shangazi yako amemwoza binti yake Rukia, ulikumbukwa.

Umeniuliza kama, ukipiga hesabu za jengo kwenye kompyuta, waweza kuchukulia kuwa chuma na zege vimeshikana kabisa, visiteleze hata kidogo. Swali lako limenitia hofu, mama, kwani jibu lake nimelificha tangu miaka ya sitini.

Nilikuwa msimamizi kijana, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, tukijenga roshani ya nyumba ya ghorofa Kibokoni. Chumvi ya bahari ilikuwa ikila nondo, nikaamuru zipakwe mafuta ya papa, kama mabaharia wapakavyo mbao. Fundi Bakari alizitazama akacheka.

“Bwana mdogo, nondo hizi wazikaanga? Zege halishiki mafuta.”

Nilijua asema kweli. Lakini mwenye nyumba alikuwa amesimama pale, nikaona haya.

“Mimina,” nikamwambia. Akamimina.

Roshani ile ingali juu, na watu hukaa barazani chini yake. Mwezi uliopita niliona ufa umefuata mstari wa nondo. Nikapita, nikatoa salamu, nikanyamaza tena.

Basi kwenye hesabu zako, viache viteleze, uone kitakachotokea.

Barua ya pili, ya kukiri haya, shangazi yako anaipeleka leo kwa wenye nyumba, wasikae tena hapo barazani. Ukija, nenda ukawapimie roshani hiyo. Wakinitukana mbele yako, usinitetee.

Babu yako