Bafu Jipya la Bi Ummu

Doha, 20 Juni 2025

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullah. Nakubusu mikono yote miwili. Sisi huku hatujambo, mimi, mke wangu na watoto, ila joto linatukaanga. Goti lako vipi? Bi Shifaa amenieleza kwamba ulianguka chooni ukiinama kuchota maji birikani, na kwamba ulimwapisha asiniambie. Usimkasirikie. Yeye ndiye anayepiga picha barua zako kunitumia, na kukusomea zangu kutoka simuni mwake. Tangu masikio yako yaikatae simu, bila jirani huyo mimi sina mama.

Baba hajatimiza miezi miwili kaburini, sitaki nikuzike na wewe kwa sababu ya kata ya maji. Nimeamua. Tutalibomoa hilo birika la mawe, tutie shawa, choo cha kukalia, vigae visivyoteleza na chuma cha kushikilia. Kwa kuwa choo ni chembamba, tutaukata ule ukuta unaopakana na ndani, chumba unacholala, dhiraa mbili hivi, shawa ipate pembe yake. Tangi litakaa juu kabisa, maji yashuke kwa nguvu. Hapa hotelini nimetia vigae mabafu mia na zaidi, najua ninachosema. Fundi ni Douglas wa Kililana, mtu wa adabu. Nataka siku ukitoka eda ya baba uogee humo.

Mwanao,
Jeilani

Amu, 29 Juni 2025

Mwanangu Jeilani,

Waalaikumu salaam. Goti laendelea vyema, alhamdulillahi. Mimi mzima, ila kukaa eda ni kazi ya mvivu nami sikuzaliwa mvivu. Wajukuu zangu wanakula? Kwenye picha naona shingo tu.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Shawa siikatai, uzee hauna haya. Samaki wadogo wa marehemu babako, waliokuwa wakila viluwiluwi vya mbu birikani, nimewahamishia kwenye beseni. Lakini ukuta sina raha nao. Nilimwita Bwana Abubakr, aliyekuwa akiipiga nyumba hii chokaa tangu zama za babu yako. Nilikaa nyuma ya pazia, Shifaa akiwa kati yetu, naye akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Kisha akasema: “Ukuta huu ndio uliobeba dari, Bi Ummu. Mukiukata, mutatafuta ndia ya kutokea musiione.”

Anasema pia simiti hufungia unyevu kwenye mawe yetu, na boriti huoza kimya kimya. Fikiri tena, baba.

Mamako

Doha, 14 Julai 2025

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima na goti limetulia. Sisi wazima, na wajukuu zako wanakula kuliko mimi.

Bwana Abubakr namheshimu, lakini lini mwenye tanuri la chokaa alisifu simiti? Hata Douglas aliniuliza maswali mengi. Alisema yeye amezoea nyumba za matofali, na hii yetu atafutwe mtu anayeijua. Nimemwambia mchoro ni wangu, yeye afuate vipimo. Kazi itaanza Alhamisi. Wakiwa kazini kaa ndani na uteremshe pazia, hawatakusumbua.

Baba alinisomesha ufundi kwa nguvu zake zote, nami sikuwahi kumjengea kitu. Niache nikujengee wewe.

Mwanao,
Jeilani

Amu, 11 Agosti 2025

Mwanangu Jeilani,

Assalamu alaikum. Ni mzima wa mwili, nanyi natumai ni wazima.

Bafu limekwisha. Vigae ni vyeupe mpaka naona haya kuvikanyaga, na kile chuma nakishika hata nisipoteleza. Mungu akuweke. Kwa furaha yako nilitaka nikomee hapa, lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, kwa hiyo nasema.

Mlango wa ndani haufungi tena, umekaza juu. Kila nikiamka nakung'uta vumbi la chokaa kitandani. Pale ulipokatwa ukuta pametoka ufa wa kuingia kidole, nao umepanda hadi kwenye boriti. Siku walipolijaza tangi nusu, nyumba ililia, Jeilani. Hata mimi nisiyesikia nilisikia.

Khaloo yako Rahima, ndugu yangu, ananiita nikakae kwake Kipungani. Shifaa alimwendea imamu, akajibiwa kwamba mjane anayehofia roho yake nyumbani anaruhusiwa kumalizia eda pengine. Lakini sasa mwanamume wa nyumba hii ni wewe, sitatoka bila neno lako. Naogopa. Nipe neno, mwanangu.

Mamako

Doha, 15 Agosti 2025

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Pole kwa hofu, na Mungu akutulize.

Zimebaki siku ishirini na nne. Umekaa miezi mitatu na zaidi, uje utoke sasa, mji useme mke wa Bwana Fadhil alishindwa na eda? Watasema ulichoka kumlilia. Imamu ametoa ruhusa, lakini midomo ya watu haina imamu. Nyumba za mawe hulia, boriti zinajikalisha tu. Ufa Douglas atauziba kwa plasta. Sogeza kitanda upande wa pili.

Kaa, mama. Nakuomba.

Mwanao,
Jeilani

Amu, 6 Septemba 2025

Mwanangu Jeilani,

Assalamu alaikum. Hamjambo nyote? Mimi sijambo. Nimekaa, kama ulivyosema.

Plasta ilishika siku tatu, kisha ufa ukarudi. Kitanda nimekisogeza. Jana Douglas alipanda juu kwa ngazi ya nje kukaza bomba. Aliposhuka aliita sana mlangoni, akagonga mpaka nami nikamsikia. Shifaa alikuwa shuleni anakofundisha, na kizuka, mjane aliye edani, hajibizani na mwanamume wa kando, kwa hiyo nilinyamaza mpaka akaenda zake. Ya mafundi hayaishi.

Jumatatu wanawake watakuja kunitoa eda. Kesho asubuhi Shifaa atalijaza tangi mpaka juu, kwa mara ya kwanza, niogee shawa yako kama ulivyotaka. Sikutoka hata hatua moja, hakuna atakayekusema.

Mamako

Doha, Jumapili 7 Septemba 2025

Mama,

Salamu baadaye. Toka. Shifaa, ukiisoma hii usimalize, mtoe mama kwanza.

Msilijaze tangi. Douglas amenipata leo asubuhi. Tangu juzi alikuwa akinipigia, na simu yangu niliisahau kabatini kazini hadi leo. Anasema boriti tatu zimechomoka ukutani, zimeoza vichwa, na tangi likijaa hazitahimili. Ndilo alilokuja kukwambia pale mlangoni.

Nakupa ruhusa, mama. Nilipaswa kukupa siku ile ulipoiomba, nikaona aibu ya watu kuliko uhai wako. Toka hivyo hivyo ulivyo, mchana, watu wakuone. Wakisema, waambie Jeilani ndiye aliyekutoa.

Huu ni ujumbe wa tisa tangu asubuhi, na kila mmoja una tiki moja tu, haujafika. Simu ya Shifaa haiingii. Sasa yangu inalia. Ni nambari ya huko kwetu, siijui ni ya nani, imekatika na imeanza tena. Sijaishika. Namaliza kwanza kukuandikia, maana nisipoishika wewe bado uko, na mimi bado nakwambia toka.

Toka, mama.

Mwanao,
Jeilani