Mwendo wa Mama

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila kikohozi.

Filamu yetu ya kutisha imetoka! Safari hii sikupiga mayowe. Kwa mwongozaji wetu, mwanamke ama ni msichana mrembo wa kukimbizwa na kuchinjwa, ama ni kizee mchawi. Nilishachinjwa vya kutosha, nikaomba kizee, walau kinafika mwisho wa filamu. Waite majirani mwangalie pamoja.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mguu ni uleule, namshukuru Mungu.

Tuliangalia kwa jirani wa saluni, sebule ilijaa. Nilijigamba wee, mpaka ulipotokea. Ule mguu wa kuburuza, bega limelala, mkono umejikunja kifuani: ni mimi huyo, tangu nipate kiharusi. Sebule nzima ilinigeukia. Hakuna aliyecheka.

Sasa wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo hata sijavikata. Ulikosa mwendo mwingine, mwanangu?

Mama yako

1 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Niliambiwa nitembee kama kitu cha kuogopesha, mwili ukaenda wenyewe. Siku ile ulipotoka hospitali ukaja kwangu ukiburuza mguu, niliogopa utakufa. Woga wangu ulikuwa huo tu. Wao wakaupiga taa kutoka chini, wakauwekea muziki, ukawa woga wa kukuogopa wewe.

Nimemwomba mwongozaji aiondoe sehemu hiyo. Kasema ndiyo inayouza. Nisamehe, mama. Nijibu, hata kwa kunitukana.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nimehama. Nipo kwa mama yako mdogo.

Walianza na mawe juu ya bati. Kisha mtoto wa jirani akaugua homa, mama yake akaja kusimama mlangoni kwangu, ananitazama tu. Mwanamke niliyemshonea gauni la harusi!

Sina hasira nawe. Ila hapa mimi ni mgeni, nalala chumba cha wajukuu, cherehani yangu iko kule. Nataka kurudi nyumbani kwangu. Wewe ndiye wanayekuona kwenye televisheni, labda watakusikiliza.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwako. Cherehani ni salama, nimeifunika.

Jana niliwaita wanawake wote uani, mchana kweupe. Nilikuja na poda na wigi la filamu. Nilijipaka mbele yao, nikajifuta mbele yao, wakaona ni rangi tu. Jirani wa saluni akaanza hata kutabasamu. Nikajua nimewapata.

Nikaona nimalizie na mwendo. Nikatembea kama wewe toka mlangoni hadi kwenye kamba ya nguo, mguu, bega, mkono, kisha nikanyooka, nikarudi kwa miguu yangu mizima. Nikawaambia, "Mmeona? Ni kuigiza tu."

Mama wa yule mtoto akamvuta mwanawe nyuma yake, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo keshakurithisha?"

Waliondoka wote, mama. Viti vyao bado viko uani, hakuna anayekuja kuvichukua.

Usirudi. Cherehani nakuletea mwenyewe kesho, kabla hawajaamka.

Mwanao